Walikinga Uso, Wakausahau Mwili

Oktoba 2016, mwanamke mmoja wa Marekani aliandika kwenye tovuti ya Medium juu ya mkasa uliomkuta sebuleni kwa shemeji yake. Alijiita Jordan Belamire, jina la kubuni, na maneno aliyotupiwa baada ya kuandika yanaonyesha kwamba alifanya vyema kulificha la kwake. Siku hiyo alikuwa kwa shemeji pamoja na mumewe, na pale nyumbani palikuwa na miwani ya uhalisia pepe. Miwani hiyo huziba macho kabisa, chumba kisionekane, na badala yake humwonyesha mvaaji ulimwengu uliochorwa na kompyuta, unaogeuka kadiri anavyogeuza kichwa. Alivaa, akashika vishikio viwili vya mkononi, akaingia katika mchezo uitwao QuiVr.

QuiVr ni mchezo wa kurusha mishale. Mchezaji husimama kwenye ngome iliyozungukwa na theluji, na kazi yake ni kuyaangusha mazimwi yanayokuja kuishambulia. Belamire ni mtu wa kuogopa vimo. Alipochungulia ukingo wa mnara, mwili ulikataa kusogea, ingawa alijua fika kwamba chini ya nyayo zake ni sakafu ya sebule. Alihimizwa apige hatua. Akapiga, akajikuta anatembea hewani bila kuanguka, na furaha ikampanda: hapa hakuna kinachoweza kunidhuru.

Kisha akajiunga na wachezaji wengine waliokuwa majumbani mwao, kila mmoja na miwani yake. Katika QuiVr ya wakati ule mchezaji hakuwa na mwili wa kuonekana. Wenzake waliona kofia inayoelea, mkono wenye upinde, na mkono wa pili. Hapakuwa na cha kumtambulisha mwanamke isipokuwa sauti yake. Wakisubiri wimbi jingine la mazimwi, kofia ya mchezaji aliyesimama jirani ikamgeukia, na mkono ukasogea hadi usawa wa kifua chake, ukaanza kupapasa. Akasema acha. Kwa aibu kikamtoka kicheko, na yule mtu akazidi kuchangamka. Akageuka upande wa pili, akafuatwa. Akakimbia, akafukuzwa, mkono ukifinya na kushika hewa mbele ya kifua chake, kisha ukashuka mapajani. Mumewe na shemeji walikuwa wakitazama. Mwisho akaivua miwani. Alikuwa amecheza na wenzake kwa dakika kama tatu tu.

Maandishi yake yaliposambaa, wapo waliomwamini na wapo wengi waliomkejeli. Hoja ya wakejeli ilikuwa moja: nani ameguswa? Hakuna mwili, hakuna kifua, hakuna hata nguo. Kama mchezo umekuudhi, vua miwani ukapike chai.

Hoja hiyo inaonekana nzito mpaka uulize swali moja. Mbona hakuna aliyemkejeli kwa kuogopa ukingo wa mnara? Mnara nao haukuwepo. Miguu iliyogoma mbele ya shimo la kuchorwa na moyo uliodunda mbele ya mkono wa kuchorwa ni vya mtu yuleyule, dakika zilezile, kwa sababu ileile. Vifaa hivi huuzwa kwa ahadi kwamba mwili wako utaamini uko pale. Huwezi kumuuzia mtu imani hiyo kwa upande wa raha, halafu upande wa maudhi ukamwambia alikuwa anaota.

Sayansi ilikwisha kulionyesha jambo hili kabla ya miwani hii kuingia madukani. Mwaka 1998 watafiti Matthew Botvinick na Jonathan Cohen walichapisha katika jarida la Nature jaribio dogo linaloweza kufanywa juu ya meza yoyote. Mtu anakaa, mkono wake wa kushoto unafichwa nyuma ya kizuizi, na mbele ya macho yake unawekwa mkono wa mpira. Mtafiti anachukua brashi mbili ndogo za rangi, anaupitishia mkono wa kweli moja na ule wa mpira nyingine, kwa mwendo mmoja na kwa wakati mmoja. Baada ya dakika kadhaa washiriki wakaeleza kwamba wanahisi brashi pale kwenye mpira, na kwamba mkono ule ni kama wao. Ubongo haukuomba cheti cha umiliki. Uliona na kuhisi kwa pamoja, ukaridhika. Ndani ya miwani ya uhalisia pepe ushahidi ni mkubwa zaidi, maana ukiinua mkono, mkono wa mchoro unainuka. Ukikunja ngumi, nao unakunja. Katika baadhi ya kumbi pepe vishikio hata hutetemeka viganjani pale avata mbili, yaani miili ya kuchorwa ya watumiaji, zinapogusana. Si lazima tudai kwamba hilo ni sawa na kukamatwa kwa nguvu barabarani. Inatosha kukubali kwamba aliyesogelewa hivyo hakusogelewa katika hadithi ya mtu mwingine. Alisogelewa yeye.

Sasa tuwageukie waliojenga mchezo, kwa sababu funzo kubwa liko kwao. QuiVr haikuwa mali ya kampuni kubwa. Ilikuwa kazi ya watu wachache, na waliojitokeza kuizungumzia ni Jonathan Schenker aliyeianzisha na mwenzake Aaron Stanton. Hawakukanusha wala hawakumlaumu mwanamke yule. Walikiri hadharani jambo ambalo ndilo lililonipa kichwa cha makala haya. Mchezo wao tayari ulikuwa na kinga. Waliiweka kwa sababu waligundua kwamba watundu wanaweza kuwaziba wenzao macho kwa mikono na kuwaharibia shabaha. Kwa hiyo mkono wa mchezaji mwingine ulipokaribia uso wako, ulitoweka. Kinga hiyo iliishia usoni. Sehemu nyingine zote za mwili ziliachwa wazi, na hakuna kati yao aliyewahi kufikiri kwamba mtu angehitaji kinga huko.

Hapa hakuna ufisadi wala ukatili. Kuna watu wema waliojenga kwa kuyapima mambo kwa miili yao. Kwa mchezaji mwanamume, usumbufu mkubwa aliouwazia ni kukosa shabaha, basi akajikinga na hilo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Laiti angalau mtu mmoja aliyewahi kupapaswa kwenye basi lililojaa angekuwepo mezani wakati kinga ile inaandikwa, angeuliza swali la sekunde tano: na huku chini je?

Marekebisho nayo yana mengi ya kufundisha. Kinga ya uso ilipanuliwa ifunike mwili mzima. Juu yake wakaongeza ishara ya mikono: kutanisha viganja, bana vitufe vya vishikio vyote viwili, kisha vitenganishe kwa nguvu kama unayepasua kitu kati yao. Papo hapo aliye karibu nawe anatoweka machoni pako, na wewe machoni pake. Walielewa kwamba mtu aliyeshtuka hawezi kuanza kufungua menyu, kutafuta jina la mkosaji katika orodha, kusoma maelezo na kubonyeza kithibitisho, huku yule mtu yuko kifuani pake. Ishara ya mikono hufanywa kwa mwili, na mwili ndio unaofanya kazi hofu inapoingia. Wala hawakuwa wa kwanza kufikiria kumzungushia mtu nafasi yake: Julai ya mwaka huohuo ukumbi wa uhalisia pepe wa AltspaceVR ulikuwa umeweka kiputo cha kumtenga mtumiaji na wanaomsogelea mno. Kwa hiyo kufikia mwisho wa 2016 ugonjwa ulishajulikana, na dawa ilishaandikwa.

Kwa kweli ugonjwa ulijulikana miaka 23 kabla. Mwaka 1993, wakati mtandao ulikuwa maandishi matupu, palikuwa na ulimwengu wa kubuni uitwao LambdaMOO, uliokaa kwenye kompyuta ya kituo cha utafiti cha Xerox kule Palo Alto, California. Watu waliingia kwa majina ya kubuni na kuandika wanachofanya: fulani anaketi, fulani anacheka. Hapakuwa na picha. Usiku mmoja wa mwezi Machi mhusika aliyejiita Mr. Bungle aliingia katika sebule kuu ya ulimwengu ule akiwa na programu iliyomwezesha kuandika matendo yaonekane kana kwamba yanafanywa na wahusika wengine. Akaitumia kuwaandikia waliokuwemo vitendo vya ngono na vya kujidhuru, mbele ya wote, wao wasiweze kuvizuia. Kesho yake mmoja wa walioandikiwa, mhusika legba, aliandika kwa wanajumuiya kulalamika. Baadaye alimwambia mwandishi Julian Dibbell kwamba alipokuwa akichapa maneno yale, nyumbani kwake Seattle, machozi yalikuwa yakimtiririka. Dibbell alichapisha habari hiyo katika gazeti la The Village Voice Desemba 1993.

Kilichotokea kati ya usiku ule na hukumu ndicho cha kuzingatia. Miezi michache kabla, Pavel Curtis, mwanzilishi wa LambdaMOO, alikuwa ametangaza kwamba yeye na mafundi wake wanajitoa katika ugomvi wa wakazi; wao watashughulikia mitambo tu. Alidhani anawapa watu uhuru. Legba alipotaka haki, hapakuwa na pa kuidai. Wakazi wakaitisha mkutano, wakajadiliana kwa saa kadhaa, wakaachana bila uamuzi. Hatimaye fundi mmoja, peke yake na bila kutumwa na yeyote, akamfuta Mr. Bungle. Mkosaji aliondolewa, lakini kwa mkono wa mtu mmoja aliyekuwa na ufunguo. Baadaye ikabainika kwamba nyuma ya jina lile palikuwa na kundi la wanafunzi wa Chuo Kikuu cha New York waliokuwa wakishangilia pamoja. Na kabla vumbi halijatua, akatokea mhusika mpya aitwaye Dr. Jest, na wengi hawakuwa na shaka kwamba ni yuleyule amerudi kwa jina jingine. Curtis alilazimika kurudi na kuweka utaratibu wa maombi na kura.

Hivyo mwaka 1993 ulikwisha kutoa masomo matatu: maumivu ya ndani ya ulimwengu wa kubuni huyaliza macho ya kweli, mwenye mitambo hawezi kujivua utawala, maana akijitoa anauacha kwa mwenye ubabe, na kumfukuza mkosaji hakutoshi ikiwa mlango wa kuingilia kwa jina jipya uko wazi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ufa haukuzibwa. Tarehe 9 Desemba 2021 kampuni ya Meta, mmiliki wa Facebook, iliwafungulia watu wazima wa Marekani na Kanada ulimwengu wake wa Horizon Worlds. Wiki mbili kabla ya hapo, tarehe 26 Novemba, mwanamke mmoja aliyekuwa miongoni mwa waliopewa nafasi ya kuujaribu alieleza kwamba mtu asiyemjua aliipapasa avata yake katika uwanja wa kukutania. Lililomuuma zaidi, alisema, ni kwamba waliokuwepo walimuunga mkono mkosaji, yeye akabaki peke yake. Kampuni ilichunguza na kuhitimisha kwamba mlalamikaji alipaswa kutumia kinga iliyokuwemo tayari, iitwayo Safe Zone, ambayo mtu akiiwasha hakuna anayeweza kumgusa wala kuzungumza naye. Hakuiwasha. Vivek Sharma, aliyekuwa akiisimamia Horizon, alisema tukio hilo ni la kusikitisha na kwamba kinga inapaswa kuwa rahisi zaidi kuipata.

Desemba hiyohiyo Nina Jane Patel, mtafiti anayeishi Uingereza, aliandika juu ya yaliyompata katika Horizon Venues, ukumbi mwingine wa kampuni hiyohiyo. Ndani ya sekunde 60 tangu aingie, avata tatu au nne zenye sauti za kiume zilimzonga, zikamtukana kwa maneno ya ngono, zikaipapasa avata yake na kupiga picha. Kinga alikuwa nayo. Akaganda. Mambo yalikwenda kasi kiasi kwamba hata wazo la kuiwasha halikuwahi kufika.

Ukiyaweka matukio haya kando kwa kando unaona kosa liko wapi. Mwenye nyumba za kupanga akiliweka komeo la mlango stoo, nyuma ya gunia la mkaa, kisha akamwambia mpangaji aliyevamiwa usiku kwamba komeo lilikuwepo, hakuna baraza la wazee litakalomsikiliza. Kinga inayosubiri aliyeumia aitafute imekwisha kuchelewa. Inamtaka mgeni, aliyeingia sasa hivi, asiyejua vitufe, aliyeshtuka, afanye kazi ambayo mjenzi alikuwa na miaka ya kuifanya kwa utulivu. Na asipoifanya, lawama inahama kutoka kwa mpapasaji inatua kwake.

Novemba 2021 gazeti la Financial Times liliripoti waraka wa ndani wa Andrew Bosworth, mmoja wa viongozi wa juu wa Meta, ambamo alikiri kwamba kusimamia semi na mienendo ya watumiaji wa ulimwengu kama huo kwa kiwango kikubwa ni jambo lisilowezekana kwa vitendo. Nami nakubaliana naye. Lakini hitimisho langu ni kinyume cha kukata tamaa. Kama polisi hawawezi kufika kila kona, basi usalama usitegemee polisi. Uwe katika ujenzi wenyewe. Tarehe 4 Februari 2022 Meta ilifanya hivyo hasa. Iliweka mpaka wa takribani mita 1.2 kati ya avata na avata, ukiwa umewashwa tayari kwa kila anayeingia. Hatua hiyo ilikuwa nzuri. Ilikuja miaka zaidi ya mitano baada ya watu wachache wa mchezo wa mishale kuonyesha njia. Mwezi huohuo Microsoft, iliyokuwa mmiliki wa AltspaceVR, iliwasha viputo kwa wote, ikawanyamazisha wanaoingia kwenye hafla mpaka wafungue sauti wenyewe, na ikafunga kabisa kumbi za wazi ambamo wageni walikutana ovyo.

Hata kinga iliyowashwa tayari ina mlango wake wa nyuma. Machi 2022 Meta iliruhusu mpaka ule kurekebishwa, ili marafiki waweze kukaribiana. Mei, shirika la SumOfUs likatoa taarifa ya mtafiti wake ambaye avata yake ilidhalilishwa kingono chini ya saa moja tangu aingie Horizon Worlds. Jibu la kampuni: kinga yake ilikuwa imezimwa. Tumerudi kwenye komeo. Kitufe cha kuzima kinapokuwepo, lazima mjenzi ajiulize nani atamshawishi mgeni akibonyeze, kwa maneno gani, na baada ya kuzima kitajirudisha lini.

Kuna ugumu mwingine ambao wasomaji wa Nairobi wataufahamu haraka. Kwa miaka kadhaa, kuanzia 2019 hadi mwanzoni mwa 2023, vijana waliajiriwa katika jiji hilo kupitia kampuni ya Sama kukagua maudhui ya Facebook: video za mauaji, matusi, picha za ukatili. Kazi iliwaumiza wengi wao, na malalamiko yao yakafika mahakamani. Lakini angalau walichokikagua kilikuwepo. Andiko hubaki, picha hubaki. Katika uhalisia pepe kosa ni mkono uliosogea na neno lililotamkwa, vyote vikatoweka mara tu vilipotendeka. Ndiyo maana Horizon Worlds iliundwa ikiwa inahifadhi dakika za karibuni kwenye miwani ya mtumiaji, ili akiripoti, kipande hicho kitumwe kwa wakaguzi. Bila ushahidi wa namna hiyo, aliyedhalilishwa anabaki na neno lake dhidi ya kicheko cha kundi.

Wako wanaopendekeza mwarobaini mkali zaidi: tumtambue kila mtu kwa mwendo wake, ili Dr. Jest wa leo asirudi kwa jina jipya. Linawezekana. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walionyesha kwamba wachezaji zaidi ya 50,000 wa mchezo wa Beat Saber wanaweza kutambuliwa kwa usahihi wa asilimia 94 kutokana na sekunde 100 tu za jinsi kichwa na mikono yao inavyosogea. Lakini tafakari kabla ya kushangilia. Mwendo unaomfichua mkosaji unamfichua pia mwanamke aliyeandika kwa jina la kubuni, na mtoto, na mgonjwa ambaye mikono yake imeanza kutetemeka kabla hajamwambia mkewe. Dawa inayomvua kila mtu nguo ili mmoja akamatwe ni dhara jipya.

Sheria nazo zinatembea nyuma. Januari 2024 vyombo vya habari vya Uingereza viliripoti kwamba polisi wanachunguza malalamiko ya msichana wa chini ya miaka 16 ambaye avata yake ilivamiwa na kundi la avata za wanaume. Hakuwa na jeraha mwilini, lakini polisi walieleza kwamba athari za kisaikolojia zilikuwa nzito. Kosa la shambulio la kingono katika sheria ya nchi hiyo ya mwaka 2003 limejengwa juu ya mguso wa mwili. Kwetu, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015 na ile ya Kenya ya 2018 juu ya matumizi mabaya ya kompyuta zinakataza unyanyasaji mtandaoni, ila vifungu vyake vimeandikwa kwa kuwaza mawasiliano: ujumbe, simu, picha. Je, mkono wa avata ni mawasiliano? Ni bora wabunge walijibu swali hilo sasa, wakiwa wametulia, kuliko hakimu kulijibu siku ambayo mtoto amesimama mbele yake.

Kwa mzazi, funzo ni jepesi kulisema na linahitaji nusu saa kulitekeleza. Usimnunulie mtoto miwani ambayo wewe hujaivaa. Ingia kwanza mwenyewe katika kumbi anazotaka kuingia, usikilize sauti zilizomo. Kisha mwambie akuonyeshe, akiwa amevaa, namna ya kunyamazisha mtu, kumzuia na kutoka. Akipapasa vitufe, rudieni zoezi hadi mikono ijue bila kufikiri. Na siku akija kukwambia kwamba kuna mtu amemfanyia vibaya humo ndani, usianze na swali la kwa nini hakuvua miwani. Swali hilo ndilo walilomtupia Belamire wakejeli wake.

Kwa aliye ukumbini na kuona, msimamo wako ni sehemu ya kinga. Yule mwanamke wa Novemba 2021 hakuumizwa na mkono mmoja tu. Aliumizwa pia na waliokuwepo waliomuunga mkono mkosaji. Simama kati yake na mkosaji, ita jina lake, mwambie unaripoti, uripoti kweli. Kimya chako kinahesabiwa upande wa mpapasaji.

Na kwa vijana wa Nairobi, Dar es Salaam na Kampala wanaoanza kutengeneza kazi za uhalisia pepe za kufundishia, za utalii na za michezo: mmepewa bahati ya kuja baada ya wengine kuvunjika. Kabla hamjafungua milango, waleteni wanawake, watoto pamoja na wazazi wao, wenye ulemavu, na watu wasiowahi kushika kishikio. Msiwape maelekezo. Mmoja wenu awaudhi kwa makusudi, kwa makubaliano, naye mwingine apime muda: inawachukua sekunde ngapi kuwa salama bila kufanya lolote? Jibu sahihi ni sifuri. Mkipata namba nyingine yoyote, kazi bado haijawa tayari kupokea wageni.